Risasi iliyomo nyumbani mwako itasimama wapi?

Msomaji mpendwa, mwulize mwenye bastola yeyote unayemfahamu ana bastola ya aina gani, naye atakueleza kwa bashasha kama mtu anayesifu gari jipya. Atakutajia jina la kiwanda, bei aliyolipa, na jinsi inavyotoshea ndani ya koti bila ya mtu kushuku. Kisha mwulize ametia risasi za namna gani. Hapo aghalabu utamwona anasita. Atajibu, "Ah, ni zile za kawaida tu," na mazungumzo yatahamia kwingine.

Ajabu ni kwamba bastola yenyewe hubaki mkononi mwa mwenyewe, lakini risasi ndiyo inayosafiri. Itapita wapi, itapenya nini, na itasimama ndani ya nani, hayo yote yategemea kile kidude kidogo kisichotimiza hata urefu wa kidole gumba, ambacho wengi hawajapata kukitazama kwa makini. Jumapili ya leo tukitazame pamoja.

Huenda mama mmoja akauliza, "Mambo ya risasi yamefikaje kwenye ukurasa wa jamaa?" Yamefika kwa sababu risasi iliyomkosa jambazi haisemi samahani ikarudi ilikotoka. Huendelea na safari, na njiani mna sebule, chumba cha watoto, na nyumba ya jirani. Hata wewe usiyeshika bastola, maadamu imo nyumbani mwako, una haki ya kuyajua haya.

Kwanza tuweke jambo moja wazi. Nasema na yule aliye na cheti halali. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, hairuhusu raia kununua wala kuweka bastola au risasi bila cheti. Cheti chenyewe hutaja silaha ni ipi, na ni risasi ngapi mwenyewe anaruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Mnamo Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye silaha wapigwe msasa upya, na wapo walionyang'anywa. Kwa hivyo risasi za kupewa na rafiki, au za kuuziwa gizani na mtu anayetazama huku na huku, ni kosa hata kama bastola yako ni halali kabisa. Tena hujui zimelala wapi na kwa miaka mingapi.

Haya, sasa tuishike risasi yenyewe. Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba, na ndani ya ganda mna baruti. Kitakoni mna kikombe kidogo mno chenye kilipuzi, ambacho hupigwa na pini ya bastola na kuiwasha baruti. Mwishoni, mbele kabisa, pana kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Ganda hubaki likatupwa kando. Tunapozungumza juu ya kuchagua risasi, tunazungumza hasa juu ya mambo mawili: ukubwa wa risasi nzima, na umbo la kichwa chake.

Tuanze na ukubwa, maana hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Chukua mfano wa Ceska, jina ambalo Wakenya tumelizoea kutokana na taarifa za polisi. Kiwanda hicho, ambacho leo kiko Jamhuri ya Cheki, kiliunda bastola ndogo iitwayo CZ 83. Ukiitazama kwa nje ni bastola ile ile moja, lakini ilitengenezwa kwa risasi za aina tatu mbalimbali: za milimita 7.65, za milimita 9 fupi, na za milimita 9 za Makarov, yaani za Kirusi. Kaka yake mkubwa, CZ 75, naye hutumia milimita 9 nyingine, ile ndefu yenye nguvu iitwayo Parabellum.

Waona hatari? Mtu akienda dukani akasema tu, "Nipe za milimita 9," bado hajasema kitu. Ile fupi ganda lake lina urefu wa milimita 17, Makarov 18, na Parabellum 19. Tofauti ni kama unene wa ukucha, tena kichwa cha Makarov ni kinene kidogo kuliko wenzake. Ukitia isiyostahili, huenda ikakwama, huenda isilipuke saa unayoihitaji, au ikalipuka vibaya na kukupasulia chombo mkononi. Usiamini macho wala kumbukumbu. Soma maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu, soma cheti chako, kisha soma kitako cha risasi. Vyote vitatu vikubaliane. Visipokubaliana, rudisha risasi dukani.

Na ukiona kwenye sanduku alama ya P iliyotanguliwa na alama ya kujumlisha, jua ya kuwa risasi hizo zimetiwa nguvu kupita kiasi cha kawaida. Bastola ndogo nyingi hazikuundwa kwa mshindo huo. Kitabu cha kiwanda kikikataza, usibishane nacho.

Sasa tuje kwenye kichwa cha risasi, ambapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Vichwa viko vya namna mbili kuu. Cha kwanza ni kile cha mviringo kilichovikwa koti la shaba pande zote. Hicho ndicho wengi wanachokiita "cha kawaida", na ndicho cha bei nafuu. Cha pili kina tundu nchani, kama kikombe. Kinapoingia mwilini, majimaji hujaa katika lile tundu na kukisukuma kifunguke kama ua. Kikifunguka hupanuka, na kikipanuka hupunguza mwendo na kusimama upesi.

Mtu akisikia hivyo atasema, "Basi hicho chenye tundu ni cha kikatili, mimi nitachukua kile cha huruma." Wazo hilo si geni. Katika mkutano wa The Hague mwaka 1899 mataifa yalitia sahihi azimio la kukataza risasi zinazopanuka zisitumiwe vitani, na hadi leo majeshi kwa kawaida hutumia zile za koti zima. Lakini uwanja wa vita sio sebule yako. Kule mbele ya askari kuna adui. Nyumbani kwako, nyuma ya jambazi kuna mtoto amelala.

Risasi ya Parabellum yenye koti zima, ikipigwa katika jeli ambayo wataalamu huitumia kuiga nyama ya mwili, huweza kupenya sentimita 60 na zaidi. Kifua cha mtu mzima hakina unene huo. Maana yake ni kwamba risasi humtoboa mtu ikatokea mgongoni ikiwa bado na nguvu ya kuua. Ndiyo sababu polisi wa jiji la New York, mwaka 1998, walitangaza kuziacha risasi za koti zima na kuchukua zenye tundu. Risasi za zamani zilikuwa zikipita katika miili ya washukiwa na kuwapata wapita njia, na hata polisi wenyewe.

Sasa fikiria nyumba zetu. Ukuta wa mawe ya kuchonga utaisimamisha risasi ya bastola. Lakini je, madirisha? Je, mlango wa mbao? Je, dari, na ile plaiwudi uliyogawanyia chumba ili wasichana wapate chao na wavulana chao? Kwa wale wanaoishi nyumba za mabati au za mbao, risasi ya bastola hupita ukuta wa mabati kama sindano ipitavyo kitambaa, kisha hupita na wa jirani. Na ikitoka nje bila kuguswa na kitu, risasi ya Parabellum huweza kufika karibu kilomita mbili kabla ya kuanguka. Basi hata wale wanaofyatua hewani ili "kumtisha mwizi", au kusherehekea harusi na mwaka mpya, hawajaitupa risasi mbinguni. Wameirusha kwa mtu wasiyemjua.

Hadi hapo utadhani nimemaliza: nunua yenye tundu, ulale usingizi. La hasha. Bastola ndogo ina matatizo yake.

La kwanza ni mtutu mfupi. Baruti huhitaji nafasi ya kumsukuma abiria wake. Mtutu ukiwa mfupi, kichwa hutoka na mwendo mdogo, na kikitoka na mwendo mdogo huenda tundu lisifunguke. Tena lile tundu huweza kuzibwa na kitambaa. Mwizi anayevamia usiku kule Limuru au Nyahururu hakuvaa shati la mikono mifupi. Amevaa sweta, na juu yake koti zito. Risasi hukata kipande cha koti kikajaa tunduni, na kuanzia hapo hiyo yenye tundu hupenya kama tu ile ya koti zima. Ulidhani itasimama, kumbe itapita.

La pili ni kinyume chake. Risasi za milimita 9 fupi zenye tundu, zikifunguka mapema, mara nyingi husimama baada ya sentimita 20 au 25 tu. Hilo laonekana jema mpaka ukumbuke jambo lililotokea jijini Miami, Marekani, tarehe 11 Aprili 1986. Makachero wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Risasi moja ya milimita 9 yenye tundu ilimpiga jambazi mmoja mapema, ikapita mkononi, ikaingia kifuani, lakini ikaishiwa nguvu kabla ya kuufikia moyo. Mtu yule aliendelea kupigana. Makachero wawili wakauawa na wengine watano wakajeruhiwa. Baada ya msiba huo, FBI waliweka kipimo ambacho watengenezaji wengi hukifuata hadi leo: katika jeli, risasi ya kujilinda ipenye sentimita 30 kwa uchache, na isizidi 45. Ikipungua hapo, haitamzuia anayekuja kukuua. Ikizidi, itamtafuta mwingine.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote: kukwama. Bastola ndogo huchagua chakula. Kichwa cha mviringo huteleza vizuri kutoka kwenye magazini kuingia ndani, lakini kile chenye tundu, kwa kuwa mdomo wake ni butu, huweza kukwaruza na kugoma. Risasi bora duniani iliyokwama ni kipande cha shaba tu. Kwa hivyo usinunue sanduku, ukaijaza bastola, ukaenda nayo nyumbani. Nenda kwenye uwanja wa shabaha unaotambuliwa, chini ya macho ya mwalimu, ukaijaribu aina ile ile unayokusudia kuitumia. Tano hazitoshi. Afadhali hamsini, almradi cheti chako kinakubali idadi hiyo. Ikikwama hata mara moja, tafuta aina nyingine.

Basi shauri ni lipi? Nitalisema kwa ufupi. Kama bastola yako ni ya Parabellum, na kama cheti chako na muuzaji aliyeidhinishwa vyaruhusu, risasi mpya yenye tundu, ya kiwanda kinachojulikana, iliyopimwa kwa mtutu mfupi, ndiyo afadhali kwa mtu mwenye watoto nyumbani. Kama ni ya milimita 9 fupi au ya 7.65, wengi wenye busara huchagua ile isiyokwama kamwe, hata ikiwa ni ya koti zima. Ila mwenye kuchagua hivyo ajue amechagua risasi inayopita, na apange mambo yake kulingana na hilo: asimame wapi, na asielekeze mtutu upande gani kamwe. Zile zilizojazwa baruti upya na fundi wa mtaani, hata ukipewa bure, zikatae.

Lakini sikia, msomaji. Risasi salama kabisa haipo. Mnamo tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, Afrika Kusini, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa mbao wa choo nyumbani mwake. Bastola ilikuwa ya milimita 9, na risasi zilikuwa za aina hii hii inayopanuka, ambayo wengi huiita salama. Mlango haukuzizuia. Tatu zilimpata mchumba wake, Reeva Steenkamp, akafa. Pistorius aliiambia mahakama kwamba alidhani ni mwizi. Mahakama ya rufaa haikuona hilo kuwa udhuru. Mwezi Desemba 2015 ilimtia hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia, yeyote yule aliyekuwa nyuma ya mlango.

Risasi zilikuwa nzuri na bastola ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni kumwona anayepigwa. Hivyo weka kanuni hii juu ya kanuni zote: usifyatue kwenye mlango, pazia, giza wala kishindo. Uone ni nani, na uone kilichoko nyuma yake. Kijana aliyechelewa kurudi akaruka ukuta kwa kuogopa kukemewa, mke aliyeamka kunywa maji, mlinzi anayekagua dirisha, wote hao gizani hufanana na mwizi. Na hata akiwa ni mwizi kweli, Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakikupi ruhusa ya kuua ovyo. Nguvu utakayotumia itapimwa na mahakama kulingana na hatari iliyokukabili. Anayekimbia na televisheni amekupa mgongo, hatari imekwisha. Mwache aende.

Mengine ni ya utunzaji, nayo ni mepesi. Weka risasi mahali pakavu. Usizipake mafuta, maana mafuta hupenya kitakoni yakaua kilipuzi. Iliyoota ukungu wa kijani, iliyobonyea, au ambayo kichwa chake kimezama ndani ya ganda kuliko wenzake, usiitie katika bastola. Kuna watu ambao kila jioni hutoa risasi ya juu na kila asubuhi huirudisha ile ile. Kila inapogongwa kuingia, kichwa husukumwa ndani kidogo kidogo, na siku itakapofyatuliwa huenda mshindo ukawa mkubwa kuliko chombo kinavyoweza kustahimili. Iliyozama hivyo peleka kwa muuzaji wako aliyeidhinishwa au kituo cha polisi. Usiitupe jaani wala shimoni. Watoto wa mtaa huokota kila king'aacho.

Zihesabu. Andika idadi, uhesabu kila mwisho wa juma, kama mwenye duka ahesabuvyo mali yake. Siku ikipungua moja, usilale kabla ya kujua ilikokwenda.

Na wewe mama, au wewe baba usiyeshika silaha lakini waishi na anayeishika, nakuachia maswali manne ya kumwuliza mwenzako leo baada ya chakula, kwa upole na bila ugomvi. Moja: risasi zilizo ndani ni za aina gani, na umezijaribu lini? Mbili: ukifyatua kutoka kitandani kuelekea mlangoni, nyuma ya mlango huo kuna kitanda cha nani? Tatu: sefu imefungwa, na ufunguo uko wapi mtoto asikofika? Nne: ukitoa magazini, je, bastola ni tupu?

Hilo la nne limewaua wengi. Jibu ni hapana. Magazini ikitoka, risasi moja huweza kubaki juu, ndani ya mtutu, ikimngoja mtoto anayecheza polisi na mwizi. Magazini itolewe kwanza, kisha bastola ivutwe nyuma, ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, huku mtutu ukielekezwa pasipo na mtu. Akiyajibu yote manne bila ya kusita, unaishi na mtu mwangalifu. Akikasirika, basi bastola hiyo haijapata mwenyewe wa kuitunza, na afadhali irudishwe ilikotoka kabla ya jua kutua.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Risasi nayo ni hivyo hivyo: kabla haijatoka una siku nyingi za kuichagua, kuijaribu na kuifungia. Ikishatoka, huna hata nusu sekunde.

Juma lijalo tutazungumzia kufuli, komeo na mbwa, ambavyo ndivyo vinavyostahili kutangulia bastola katika nyumba yoyote. Hadi wakati huo, Jumapili njema.